Mlango wa Kushoto

Siku ile kocha alikuwa pembeni ya uwanja, akimchagua kipa wa fainali, na Kidawa alikuwa amedaka mipira tisa mfululizo. Yote ilikuja kulia kwake. Bega la kushoto liliteguka miezi saba nyuma. Daktari alisema limepona, ila wenzake bado walilionea huruma.

Mpira wa tisa akaukumbatia, asiurudishe.

"Mashavu, kitendawili!"

"Tega, shoga."

"Nyumba yangu ina milango miwili, wageni wote wanapita mmoja."

Wasichana wakatazamana. Mashavu, mfungaji wao hodari, akainama kufunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Kimenishinda, mwaya. Nikupe mji gani?"

"Mji baki nao. Nipe shuti kushoto kwangu, kali kama unavyowapa wapinzani."

"Na bega likichomoka tena?"

"Bora lichomoke leo, kocha akiona. Na mimi nijue."

Akauviringisha mpira hadi miguuni kwa Mashavu, kisha akasogea karibu na nguzo ya kulia, upande wote wa kushoto akauacha wazi.

Mashavu akarudi nyuma hatua tano. Mpira ukatoka kwa kishindo, na miguu ya Kidawa ikaacha nyasi.