Usikandamize Mfuniko

Mwatumu alipanga madonge mawili bapa ya nyama ya kusaga kwenye jiko la umeme la kubania nyama, lenye kisahani cha kukingia mafuta chini yake, akashusha mfuniko taratibu, kisha akauondolea mkono. Miaka yote alikuwa akiukandamiza kama anayepiga pasi, na mumewe, Haroub, alizitafuna baga zake kavu kimyakimya, asiombe ya pili. Leo zamu ilikuwa kwake. Kesho Haroub angehamia kwa mke mdogo, Sabiha. Ndiyo maana Mwatumu alikuwa ameuliza watu, akaambiwa: usiibane nyama, iache ijiivie.

Haroub aliuma mara moja tu, mchuzi ukamchirizika kidevuni. Akacheka kicheko ambacho nyumba hiyo ilikuwa imeshakisahau.

"Mama Nasra! Mikono hii ulikuwa umeificha wapi?"

"Kula, baba. Nakuchomea nyingine."

"Basi hizo nifungie, nimkimbizie Sabiha zingali moto. Mimba inamsumbua, kila kitu anatapika. Hizi atakula. Sichelewi."

"Haya," alisema Mwatumu.

Alirudi jikoni, akaweka madonge mengine mawili, akashusha mfuniko. Kisha akaulalia kwa viganja vyote viwili, na uzito wote wa mwili wake. Nyama ikalia chwaa. Mchuzi ukakimbilia kwenye kisahani cha chini, ukakijaza, ukaanza kumwagikia mezani.

"Zinanukia, mke wangu!" Haroub alipaza sauti kutoka mlangoni, ameshavaa viatu.

Mwatumu hakuinua mikono.