Jina la Thelathini na Nne

Jina la thelathini na nne lilikuwa limefutwa tena.

Mshonaji alilitoa gauni la mteja chini ya sindano ya cherehani, akavuta kompyuta. Mara ya tano hiyo tangu Jumatatu! Katika kamusi elezo ile ya mtandaoni, ambayo yeyote anaweza kuiandika, yeye alikuwa mmoja wa wasimamizi, na ukurasa wa kivuko kilichozama aliulinda kama mboni ya jicho. Waliokufa waliorodheshwa sitini na mmoja. Jina la thelathini na nne lilikuwa la kaka yake.

Mwili haukuonekana. Mama yao alishindwa kuishi karibu na maji yale, wakahama, hata namba za simu wakabadilisha. Kilichobaki ni jina kwenye orodha ile. Kila asubuhi mama, ambaye macho yameshamwishia, huuliza, "Mwanangu yupo?" Naye humjibu, "Yupo, mama."

Leo angemjibu nini?

Alibonyeza kitufe cha kurudisha bila kusoma chochote, kama alivyozoea. Jina likarudi. Dakika mbili hazikupita, likafutwa.

Hasira zikampanda. Kaka yake angekuwapo, angemcheka. Kaka huyo peke yake ndiye aliyemwita dada yake Kijiko, kwa sababu tangu utotoni hakuna jambo ambalo dada aliligusa asilikoroge.

Akampigia simu msimamizi mwenzake, mwalimu mstaafu.

"Naifunga anwani hii ya mtandao inayolifuta jina."

"Taratibu, dada. Hiyo ni ya kambi ya vibarua, huko ng'ambo. Watu mia nne wanaingia mtandaoni kwa anwani hiyo hiyo moja. Ukimfungia mhuni mmoja, umewafungia wote."

"Na wafungiwe! Mtu anamchezea marehemu wangu, halafu jina lake anaficha?"

"Kwani anajua ni marehemu wako?"

"Nimeandika kwenye ukurasa wangu binafsi wa msimamizi, kila mtu anaona: mshonaji, dada wa namba thelathini na nne."

Akaifunga. Mwaka mzima. Akaondoa hata nafasi ya kukata rufaa, kisha akalirudisha jina mahali pake. Alidhani atapumua, wapi! Mguu ulikuwa ukikanyaga pedali ya cherehani, na kitambaa hakikuwamo.

"Haya, kanuni unaijua," mwalimu akasema. "Ukifunga mwaka mzima, unanakili kwenye kumbukumbu maelezo aliyoandika kila alipofuta."

"Maelezo gani? Wahuni nao wana maelezo?"

"Yako pembeni ya kila badiliko. Ina maana huwa husomi?"

Hakuwahi kuyasoma hata mara moja.

"Mwanangu yupo?" mama aliita kutoka chumbani.

"Subiri kidogo, mama."

Akafungua maelezo ya mwisho, yale ya dakika chache zilizopita.

*Kijiko, acha kukoroga. Mwambie mama nipo.*