Nyuzi za Katikati

"Zima!"

Fundi umeme akazima. Feni kubwa iliyokuwa ikivuta hewa mwisho wa handaki ikalegea, ikanyamaza. Hiyo ilikuwa mara ya tisa tangu asubuhi.

Handaki la upepo, la kupimia mabawa ya ndege ndogo, lenyewe halikuwa na kasoro. Balaa lilikuwa mdomo wake, ule wa mbao uliopanuka kama tarumbeta, ambako hewa ya karakana iliingilia. Hewa ilitakiwa ifike ndani imenyooka. Lakini nyuzi zilizofungwa ndani kuonyesha mwendo wake zilitulia pembeni tu. Za katikati zilicheza kama zimepagawa.

Mhandisi alikuwa amesimama palepale pake, hatua mbili mbele ya mdomo, mikono kiunoni, macho ndani. Akamgeukia seremala, mume wa dada yake.

"Shemeji, huu mkunjo umeupiga randa vibaya."

"Nimefuata mchoro wako, shemeji, sijazidisha hata unywele. Pitisha mkono mwenyewe."

Akapitisha. Ubao ulikuwa laini kama shavu la mtoto mchanga, na hilo likamkera zaidi. Miezi minne! Mdomo wa tatu! Ijumaa wakaguzi wanakuja, naye hana la kuwaonyesha ila ngoma ya nyuzi.

"Basi," akasema. "Kesho usije. Nitatafuta anayeijua kazi."

Seremala akakusanya randa na patasi zake. Jioni dada mtu akapiga simu.

"Umemfukuza baba wa wanangu?"

Hakusubiri jibu. Akakata.

Asubuhi Mhandisi aliamshwa na jino, shavu limevimba. Alikuwa kwenye foleni ya daktari wa meno, akijaribu kumpigia dada yake kwa mara ya tano, simu ilipoita.

"Bosi, zimenyooka!" Fundi umeme alikuwa karibu kulia. "Nyuzi zote! Nimewasha mara nne, zimetulia tuli!"

"Umebadilisha nini?"

"Sijagusa kitu."

"Haiwezekani. Lazima kuna kitu umekiondoa mbele ya mdomo."

"Sijaondoa kitu, bosi," akasema taratibu. "Ila leo wewe hukuwepo."