Pipa la Mashine ya Unga

Tulinagwe alifika kwenye mashine ya kusaga akiwa na mwanawe Lusekelo mgongoni na sufuria ya uji mzito mkononi. Tangu augue surua, Lusekelo hakuweza kumeza uji mzito, na ule mwepesi ulikuwa maji matupu. Nesi alisema atie kimea, unga wa ulezi uliooteshwa, uji utalainika wenyewe, mradi ukae kwenye joto bila kuchemka. Nyumbani moto wa kuni ulizimika au ulichemsha, na mara mbili kimea kiliharibika.

"Lete hapa, mama," alisema Ambakisye, msagaji, aliposikia shida yake, akionyesha pipa la maji yanayopoza injini. "Joto lote hili linapotea bure kila siku."

Wakaining'iniza sufuria ndani ya pipa. Tulinagwe akatia kimea, akakoroga.

"Leo mashine inasaga na kupika!" mtu mmoja akacheka kwenye foleni.

Wa mwisho kusagiwa alikuwa Mama Kisa. Unga wake ulipotoka, mwiko ulikuwa bado umesimama wima kwenye uji. Ambakisye akanyoosha mkono kuzima injini.

"Wee, usizime!" Mama Kisa akaurudisha unga kwenye mdomo wa mashine. "Saga tena. Una chenga."

Kila mtu aliuona unga ule, laini kama poda. Ambakisye akautazama mwiko, akaurudisha mkono wake.

Mashine ikanguruma. Punde mwiko ukainama, ukalala ukingoni. Tulinagwe akaunyanyua, uji ukatiririka kama asali.

"Umelainika! Jamani, umelainika!"

Akapoza kijiko cha kwanza. Lusekelo akalamba, akameza. Kijiko cha pili kilikuwa bado njiani, na mdomo wake ulikuwa umeshafunguka.