Jibu la Mnyauko

"Mkiifuta, na mimi najitoa kwenye uongozi," Faustina aliandika, akatuma kabla hajajishauri.

Kundi lao la WhatsApp lilikuwa la wakulima wa viazi, kuanzia Kilolo alikoishi yeye hadi Umalila. Kila msimu wageni waliuliza swali lilelile: mbona viazi vyangu vinanyauka na mvua ipo? Ili wasichoke kurudia, viongozi waliweka jibu moja la kudumu. Lilikuwa sauti ya mumewe, Sosthenes, iliyorekodiwa shambani. Kata shina, litumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe unashuka, ng'oa mche wote na udongo wake. Maelezo hayakuwa na kasoro. Watu walilalamikia makelele tu: upepo, mbwa, mtoto anayecheka.

Liberatus, kiongozi mwenzake wa Iyunga, akampigia simu.

"Dada, acha tuandike jipya, fupi na safi. Kuna mwanachama kaniomba kabisa ile tuiondoe."

"Nani huyo?"

"Hataki nimtaje."

Faustina hakuhitaji kutajiwa. Alikuwa Afroz tu, yule muuza pembejeo wa Mwanjelwa, aliyejiunga juzijuzi na tayari anataka kila jibu liishie kwenye dawa za dukani kwake. Hasira zikampanda Faustina. Sauti ile yeye ndiye aliyekuwa akiwatumia wageni, tena kwa haraka, asije mwingine akamtangulia. Watu walidhani anajivunia mume, naye akawaacha wadhani. Nakala alikuwa nayo kwenye simu, lakini kuisikiliza peke yake hakukumtosha. Alitaka isikike Makambako, Njombe, kwa watu asiowajua, na wazo kwamba haitasikika tena lilimuuma sana.

Akaingia jikoni. Sosthenes alikuwa akiota moto. Siku hizi walizungumza kwa nadra.

"Afroz anataka sauti yako ifutwe," alisema. "Mwambie Liberatus hukubali. Jibu ni lako."

Sosthenes alisogeza kaa la moto kwa kijiti.

"Si Afroz. Ni mimi niliyemwomba."

Faustina akaketi upande wa pili wa moto.

"Mama Apolonia," akamwita, jina ambalo hakuwa amelitamka tangu mazishi ya mtoto wao. "Kila ukiwatumia, namsikia anacheka pale katikati. Mimi siwezi tena."