Ng'ombe Wanne wa Muiruri

Jeconia aliitoa sukuma wiki yote horini na kuitupa nje ya zizi, ng'ombe wanne wakimtazama. Muiruri, mwenye ng'ombe na mwenye ploti, alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya kukamulia, na hakupendezwa hata kidogo. Sukuma ile ilikuwa ya bure, mabaki ya soko la Kawangware. Aliyekuwa akiitupa alikuwa mpangaji tu wa chumba namba tatu, mtu wa vibarua vya mjengo.

"Hiyo ni maji, mzee," Jeconia alimwambia. "Wanashiba na hakuna kitu tumboni. Nipe mwezi mmoja."

Muiruri alimpa huo mwezi, labda kwa sababu asubuhi hiyo ndoo haikuwa imefika hata nusu.

Mjengo haukuwa kazi ya Jeconia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amelisha ng'ombe katika shamba moja kubwa upande wa Limuru, mpaka wenyewe walipoliuza, ng'ombe wakatolewa na fleti zikajengwa. Yeye na mkewe Seline wakapanga Lindi, kule Kibera. Moto ulipopita kwenye nyumba zile walihamia hapa Kabiro, kwenye ploti ya Muiruri, na godoro moja na binti yao Daisy. Miaka minne ilikuwa imekwisha bila yeye kumgusa ng'ombe.

Sasa aliamka akiwa na mahali pa kwenda. Alikatakata majani ya nepia vipande vifupi kama kidole, baada ya kuiacha inyauke siku nzima. Akaichanganya na pumba na molasi kidogo. Akahakikisha maji hayakauki, na jiwe la chumvi halikosekani. Chakula cha dukani hakukigawa sawasawa kama Muiruri alivyozoea. Kila ng'ombe alipata kulingana na maziwa yake, na yule ambaye hakuwa akikamuliwa alipewa nyasi tu mpaka akaribie kuzaa. Muiruri aliumia kusikia kwamba miezi yote ile alikuwa akimlisha huyo kama wenzake.

Nyasi zilitoka kwa Seline. Alikuwa akifua nguo katika nyumba za mtaa wa Olympic, na kila bustani ilipofyekwa aliwaomba wenyewe majani, akayaanika pembeni, na Jumamosi Jeconia akayaendea na mkokoteni. Mama mmoja wa huko alimuuliza kama amenunua ng'ombe. Seline alicheka, akasema bado.

Mwezi ulipoisha, ndoo ilijaa ikahitajika nyingine. Miezi miwili baadaye wenye vibanda vya chai walikuwa wakipanga foleni getini na mitungi yao. Muiruri aliacha kumwita "wewe wa namba tatu", akaanza kumwita Baba Daisy. Alimpa mshahara mdogo na lita moja ya maziwa kila siku, na mashavu ya Daisy yakaanza kujaa.

Alasiri moja Muiruri alileta viti viwili zizini, akamkaribisha aketi. Alitaka kujua kama mpango ule wa chakula ungewafaa ng'ombe kumi na wawili. Jeconia alifikiri, akasema ungefaa hata zaidi, kwa maana pumba ingenunuliwa kwa jumla na nepia ingeletwa na lori. Kilichomtatiza ni mahali pa kuwaweka.

"Mahali si shida, hiyo niachie mimi," Muiruri alisema. "Wewe niambie tu, ng'ombe mmoja anataka nafasi kiasi gani?"

Jeconia alichora chini kwa kijiti. Hapa pa kulala, hapa hori, hapa mtaro wa mkojo. Muiruri alipiga hatua kuuzunguka mchoro, akarudia mara ya pili, akaridhika. Kisha akasema msimamizi wa hao wote atakuwa Baba Daisy, na msaidizi atamchagua mwenyewe.

Seline hakuliamini jambo hilo haraka. Alijua Muiruri ana shamba Dagoretti, na akaogopa kwamba wangelazimika kuhama na Daisy abadilishiwe shule katikati ya muhula. Jeconia akamwambia hilo alikwisha kuliuliza.

"Amesema ni hapa hapa Kabiro," alisema. "Sitatembea mbali."

Jumapili Seline alisimama kanisani akatoa ushuhuda, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu moto wa Lindi. Kesho yake alienda Olympic kuwaaga wote aliokuwa akiwafulia, kwa kuwa msaidizi aliyechaguliwa na Jeconia alikuwa yeye. Yule mama wa nyasi alimpa leso mpya na kumtakia heri.

Jumatano Muiruri alikuja na fundi aliyeshika tepu. Jeconia aliwafungulia zizi, lakini walilipita bila kusimama, wakaenda moja kwa moja mpaka kwenye safu ya vyumba vya wapangaji. Fundi alipima mlango wa kwanza, akapima wa pili. Kwenye wa tatu Seline alisogea kando na sufuria ya uji mkononi ili apishe tepu. Fundi alisema itabidi upanuliwe kidogo.

"Kuhama ni mpaka mwisho wa mwezi, kwa wapangaji wote," Muiruri alisema kwa upole, akamnyooshea Jeconia nyundo na tindo. "Lakini hii sakafu iko laini sana, ng'ombe watateleza. Wewe ndio unajua vile inafaa kuwa, Baba Daisy. Anza na ya kwako."