Shule Mbili za Mtaa Mmoja

Fundi cherehani alikuwa ameshaamua moyoni. Shule ya serikali iliyo juu mtaani ilikuwa na maktaba na vyoo vipya, lakini hii ya bondeni ndiyo iliyomlea, naye alitaka bintiye asome hapahapa.

Watoto walikuwa mapumzikoni. Aliingia na bintiye darasa la kwanza, akanusa chaki na vumbi lililonyunyiziwa maji. Akapapasa ukuta, na ile rangi ya bluu ikambakia kiganjani kama zamani.

"Kipepeo! Mpaka leo hutulii?"

Alikuwa mwalimu wake wa zamani, aliyempa jina hilo la utani, amesimama mlangoni, kichwa cheupe pe.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema akicheka. "Nimekuletea mjukuu."

Mwalimu alimtazama mtoto, kisha akayatazama madawati machache yaliyobaki.

"Mwanangu, mpeleke ile ya juu," alisema taratibu. "Wajukuu zangu mwenyewe wanasoma kule."

Fundi alijibana kwenye dawati la mbele, magoti yakagota ubao wake, akamsogezea bintiye nafasi.

"Njoo ukae na mimi kidogo," alimwambia. "Halafu twende kule juu."